Nguruwe-maiti wananijaa uani, na jana limekuja dubwana limeniulia ng'ombe. Nifanyeje?

bi_cherehani · Ijumaa, saa 4:12 usiku

Habari za usiku wenzangu. Mimi fundi cherehani, niko Tanga, Ngamiani. Nacheza Minecraft ya Java, toleo la 1.20.1, kwenye kompyuta iliyokuwa ya hesabu za duka kabla haijawa ya michezo. Mtoto wa kaka yangu yuko Muscat na wazazi wake, ana miaka kumi na mitatu, na ndiye aliyenifundisha. Tunakutana humo ndani baada ya Isha, kwake ni saa moja mbele. Ugumu tumeweka Ngumu, maana alisema chini ya hapo ni mchezo wa watoto. Kasema hivyo yeye, mtoto.

Nimejenga nyumba ya kwetu: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba viwili huku na viwili huku, uani nyuma. Mlango wa kwendea Netha, ile dunia ya pili ya moto na lava, nimeuweka uani, mkabala na kisima. Sikutaka kale kadirisha wanakojenga watu wote. Nilitaka mlango wa maana, kama ile ya Unguja inayokufanya usimame barabarani uitazame. Basi fremu yangu ni bloku 8 kwa 11, obsidiani, lile jiwe jeusi gumu, 34 na pembe zake, nimezichimba mwenyewe kwa sururu ya almasi siku nne. Ndani ile zambarau ni 6 kwa 9. Ukiuona usiku kutoka barazani, utapenda.

Tatizo wageni. Nikimaliza kucheza jioni mbili tatu hivi, nakuta uani nguruwe-maiti, wale waliooza nusu uso, wana panga za dhahabu. Jana nilihesabu tisa. Hawanifanyi kitu, wanatembea tu wakinikoromea kisimani, lakini nyumba ya mtu haiwi stendi. Nikadhani ni giza. Nikaweka mienge mpaka juu ya paa, uani kukawa kama kuna harusi, na bado wanakuja. Jua nalo haliwaunguzi kama mazombi wengine.

Juzi nilikuwa napalilia viazi, jembe likampata mmoja kwa bahati mbaya. Walahi wote walinigeukia kwa pamoja. Sikufika hata mlangoni. Nilipoamka kitandani kwangu nikachungulia dirishani, nao wanatembea zao kama hakuna lililotokea. Hilo nalo sijalielewa.

Halafu kuna yule wa chumbani. Chumba cha upande wa kulia nimekitia mlango wa mbao na huwa naufunga. Nimerudi nimekuta mlango uko wazi na nguruwe-maiti amesimama kando ya kitanda. Huyu hakuwa na upanga, kashika ule upinde wa mtambo. Kaingiaje? Hawa wa uani sijaona hata mmoja akigusa mlango.

Sasa la jana. Niko ukumbini napanga masanduku, nasikia ng'ombe wanalia. Kutoka, nakuta linyama kama ngiri aliyekufa, kubwa, mbavu nje, linarusha ng'ombe wangu hewani kama mtu anayepepeta mchele. Ng'ombe watatu na mbuzi wawili wamekwisha. Likahamia kwa nguruwe-maiti wenyewe, wakaanza kupigana uani kwangu, mie nimejifungia ndani. Kripa, yule wa kijani anayelipuka, alikuwa amesimama pale pale karibu na kisima, halikumgusa! Nikamwandikia mtoto, akajibu, "Shangazi, sijui limetoka wapi." Akatoka mchezoni, anasema ana mtihani.

Nimejaribu kulitafuta limeingilia wapi, sikuona kitu. Nyuma ya mlango wa Netha kuna kizizi kidogo cha uzio ambacho sikukijenga mimi, nadhani mtoto anataka kufuga kondoo. Kwenye sanduku lake kuna kamba na uyoga mwekundu kama hamsini. Basi.

Ninachouliza: hawa wanatokea upande ule au wanazaliwa huku huku? Na nawazuiaje bila kuuvunja mlango wangu? Tafadhali msiniambie niuvunje. Siku nne zile hazirudi.

mzee_wa_kripa · Ijumaa, saa 4:31 usiku

Mama, mwaga lava mbele ya mlango, bloku mbili upana. Wanaungua wote, unaokota dhahabu asubuhi. Kwisha.

nungwi2011 · Ijumaa, saa 4:40 usiku

Mzee usimuunguzie mwenzio nyumba. Hao ni wa Netha, moto na lava kwao ni maji ya kuoga. Yule dubwana ni hivyo hivyo. Atakachopata Bi Cherehani ni nguruwe tisa wanaogelea kwenye lava na viazi vyake vimeteketea. Na kabla hujasema maji: hawazami pia, ni maiti. Maji yanawasukuma tu.

Mimi nilikuwa nikicheza zamani, kabla ya lile toleo la Juni 2020 lililobadilisha Netha nzima. Wakati huo hakukuwa na piglini wazima wala hoglini, walikuwepo hawa waliooza tu, kwa jina lingine, wakitoka milangoni vile vile. Kwa hiyo kuzaliwa huku huku kupo. Upinde wa mtambo ndio unanishinda, sisi hatukuwahi kuuona kwao. Awepo anayejua mambo ya sasa.

saiba_ya_kisauni · Ijumaa, saa 5:26 usiku

Shikamoo Bi. Mimi nina saiba Kisauni, Mombasa, na jioni vijana wanacheza hii kitu mpaka nawafukuza nifunge. Haya yako nimeyaona yote, ila sijawahi kuyaona yamekusanyika kwenye uwanja mmoja. Nisikize kwa utulivu maana wageni wako si wa namna moja. Ni aina tatu, na kila aina ina njia yake.

Wa kwanza ni hao wenye panga za dhahabu. Hao hawavuki. Wanazaliwa pale pale kwenye mlango, upande wa huku. Mwanga hauna kazi kwao kabisa, hata ukitundika jua la pili juu ya kisima. Wewe ni fundi, basi tupime kitambaa.

Mchezo unapiga mapigo 20 kwa sekunde. Dunia imekatwa vipande vya bloku 16 kwa 16 kwa 16, yaani bloku 4,096 kila kipande. Kila pigo, katika kila kipande kilicho karibu na mchezaji, mchezo unachomoa bloku 3 kwa bahati nasibu na kuzigusa. Ndivyo mazao yanavyokua na majani yanavyokauka. Ukigawanya, kila bloku inaguswa mara moja kwa sekunde 68 hivi. Sasa bloku ya zambarau ya mlango ikiguswa, inapigwa kura: kwenye hali Rahisi nafasi ni 1 katika 2,000, kwenye Kawaida ni 2, kwenye Ngumu ni 3. Kura ikipita, nguruwe-maiti anasimama chini ya mlango, juu ya obsidiani ya kizingiti.

Mlango wa kawaida una bloku 6 za zambarau. Kwenye Ngumu unatoa mgeni mmoja kwa masaa mawili na dakika kidogo. Wako una 6 kwa 9, bloku 54. Mara tisa. Mgeni mmoja kila dakika 14! Na wewe unapocheza hapo hapo nyumbani masaa mawili jioni, halafu mtoto akabaki anacheza ukishalala, hao tisa ni wachache. Mkitoka mchezoni wote, au mkienda mbali zaidi ya bloku 128, kura inasimama. Umeme ukikatika Tanga ndiyo salama yako.

Kwa hiyo uzuri wa mlango ndio ugonjwa wenyewe. Usikasirike, nitakueleza utafanyaje bila kuuvunja.

Kuhusu jembe: ukimgusa mmoja, wenzake walio jirani wanabeba ugomvi. Ukifa wanakusamehe, ndivyo mchezo ulivyowekwa, ndio maana ulipoamka uliwakuta wamepoa. Na hata usipofa, ukijificha wasikuone nusu dakika hivi wanasahau. Ila usije ukaweka jitu la chuma uani ukidhani ni askari. Litawapiga, nao watalirudishia, na hapo huna uani tena.

Wa pili ni yule wa chumbani. Huyu ndiye aliyevuka kweli. Wanaozaliwa mlangoni hushika upanga wa dhahabu. Upinde wa mtambo unabebwa na piglini mzima, wale wa Netha wanaopenda dhahabu. Piglini akipita mlango akaingia kwetu anaanza kutetemeka, na baada ya sekunde 15 anageuka nguruwe-maiti, na alichoshika mkononi anabaki nacho. Na piglini mzima anajua kufungua mlango wa mbao! Kwa hiyo alivuka, akakimbia uani, akafungua chumba chako, akageukia humo ndani. Sekunde 15 ni nyingi Bi, jaribu kuhesabu ukitembea kutoka mlangoni kwako mpaka kitandani. Aliyeoza hana tena akili ya mlango, ndiyo ukamkuta amesimama kama mtu aliyesahau alichofuata.

Bahati yako hukuwepo. Sekunde hizo 15 angekupiga mishale, isipokuwa umevaa kitu kimoja cha dhahabu, hata viatu tu. Kwa waliooza dhahabu haina maana yoyote, ni kwa wazima.

Sasa dawa. Fremu yako kubwa iache ilivyo, ila toa bloku moja ya obsidiani ili zambarau izimike. Kisha ndani ya fremu hiyo, chini katikati, jenga mlango mdogo wa ndani 2 kwa 3. Unahitaji obsidiani 10 tu ukiacha pembe, na nyingine unazo kwenye kizingiti tayari. Nafasi iliyobaki jaza mbao nyeusi, weka nakshi zako, misumari ya shaba ukitaka. Hata hiyo milango ya Unguja unayoisema, mingine ina fremu kubwa na kajimlango kadogo ndani ya ubao ambako ndiko watu wanapita. Umbali haujabadilika kwa hiyo utatokea pale pale upande wa pili. Wageni wanashuka kutoka kila dakika 14 hadi kila masaa mawili.

Halafu uzungushie chumba. Si lazima kiwe kikubwa, bloku nne kwa nne yatosha. Mlango wa chuma, na kitufe cha jiwe ndani na nje. Usiweke kibao cha kukanyaga, maana nguruwe akikikanyaga naye mlango unamfungukia. Nimeona kijana mmoja hapa saiba amefanya hivyo, akashangaa wiki nzima. Mbao usitumie, umeshaona kwa nini.

Ukitaka faida, chimba shimo ndani ya hicho chumba, mdomoni uweke milango ya sakafuni iliyo wazi. Wanyama wa mchezo huu wanaiona kama sakafu, wanakanyaga hewa. Shimo likiwa bloku 22, wanafika chini wamebakiwa na nusu moyo, unawamaliza kwa ngumi moja mbili kupitia tundu dogo, unaokota vipande vya dhahabu. Bloku 23 wanakufa wenyewe. Lakini kwa mlango mdogo hiyo dhahabu ni ya chai tu, na nahisi wewe si mtu wa kuchimba makaburi nyumbani.

Upande wa Netha pia ujengee chumba, kwa mawe ya kawaida yale ya kuvunja. Huko ndiko piglini wanakoingilia. Na kuna ghasti, yule mweupe anayeelea analia kama mtoto. Yeye pia akigusa zambarau anavuka, mkubwa vile alivyo. Lakini kero yake hasa ni mpira wa moto: hauvunji obsidiani, unazima mlango, ukabaki Netha huna pa kurudia. Mawe ya kuvunja yanastahimili mpira wake. Na kiberiti kisikutoke mfukoni ukiwa huko, hata kama unakwenda dakika mbili.

Sasa wa tatu. Nimemwacha mwisho makusudi.

Hilo dubwana linaitwa zoglini. Nyumbani kwake ni hoglini, yule nguruwe mkubwa wa msitu mwekundu wa Netha. Naye akivuka, sekunde 15, anageuka. Tofauti ni kwamba piglini akigeuka anapoa, hoglini akigeuka anapata wazimu. Anashambulia kila chenye uhai, na maiti wenzake, isipokuwa zoglini mwenzake na kripa. Ndiyo maana kripa wako alisimama akitazama sinema. Ana mioyo 20, mara mbili yako. Kama bado yupo, jipandishe juu ya nguzo ya bloku tatu, umpige mishale kutoka huko, maana chini atakurusha.

Lakini Bi, hapa ndipo nilipokaa nikafikiri, maana hoglini havuki hivi hivi. Anaogopa vitu vitatu: uyoga wa buluu-kijani wa Netha, ile nanga ya kufufukia, na mlango wa Netha wenyewe. Akiuona ndani ya bloku 8 hivi anaukimbia. Mlango wowote, mkubwa au mdogo. Piglini anaweza kutangatanga akaingia. Hoglini hatangitangi kuingia.

Uyoga mwekundu ndio chakula cha hoglini, ukiwalisha wawili wanazaa. Kamba inamfunga hoglini. Na kizizi cha uzio nyuma ya mlango ni saizi gani, Bi? Ni cha kondoo kweli?

Mimi simtaji mtu. Ila muulize mtoto taratibu, mtihani ukiisha.

mzee_wa_kripa · Ijumaa, saa 5:40 usiku

Hahahaha. Nimefuta neno langu la lava. Kizizi kimeniua.

bi_cherehani · Jumamosi, saa 2:05 asubuhi

Marahaba mwanangu wa Kisauni, Mungu akuzidishie. Nimesoma na chai yangu mara mbili, ya pili nikiwa na rula.

Kizizi nimekwenda kukipima. Ni nne kwa tano, uzio umepandishwa bloku mbili kwenda juu. Kondoo gani anafungiwa bloku mbili? Na kuna kibango upande wa ndani nilikuwa sijakiona, kimeandikwa "BUCHA". Sina la kusema. Nimemtumia wifi yangu ujumbe kuuliza kama mtoto ana mtihani Jumamosi. Kajibu shule kwao hufungwa Ijumaa na Jumamosi.

Dakika 14 zile nimezihakiki. Nimekaa barazani tangu alfajiri na saa ya ukutani. Wa kwanza alikuja baada ya dakika 6, wa pili baada ya 23. Kama daladala tu, lakini ukigawanya inakaribia. Huyu wa pili alikuwa kitoto, kinakimbia kama kimetumwa.

Dubwana halipo tena. Nadhani nguruwe-maiti wamelimaliza, maana wao wamebaki wawili na pale kisimani kuna nyama iliyooza imetapakaa. Sikutegemea siku moja nitawashukuru.

Swali moja limebaki. Nikijaza mbao kwenye fremu, zambarau haitazimika kwa zile nakshi? Nataka kutumia ule mti mweusi wa Netha uliofanana na zambarau yenyewe.

saiba_ya_kisauni · Jumamosi, saa 4:18 asubuhi

Haizimwi na chochote Bi, zambarau inajali fremu yake ya karibu tu, ile ya obsidiani 10. Nje yake weka hata zulia. Na huo mti ulioutaja hauungui, chaguo zuri. Mbao za kawaida karibu na Netha ni kujitafutia balaa, cheche ya lava inatosha.

Dakika 6 na 23 ndivyo ilivyo bahati nasibu. Siku nyingine utakaa nusu saa hakuna mtu, halafu waje wawili kwa mkupuo.

simba_wa_ruwi · Jumamosi, saa 5:02 asubuhi

Shikamoo shangazi. Baba ameniambia nijiandikishe humu niseme mwenyewe.

Ni mimi. Nilitaka iwe surprise, yaani nikushtukize kwa furaha. Ulisema nyama ya ng'ombe inakuuma kuwachinja kwa sababu umewapa majina, nikaona hoglini hawana majina, wanatoa nyama nyingi, kwa nini tusiwafuge nyumbani. Nilimtafuta mmoja msitu mwekundu nikamfunga kamba. Alinirusha mara mbili. Tukifika karibu na mlango anagoma, anavuta kurudi nyuma, nikadhani anaogopa giza. Nikazunguka mlango nikasimama upande wa pili wa fremu nikamvuta mpaka akagusa zambarau, akapotea. Nikamfuata.

Nilipofika huku alikuwa anatetemeka tu. Nikasema labda baridi. Nikaenda kufungua kizizi, kugeuka amekuwa vile.

Sikujua habari ya sekunde 15. Naomba unisamehe, na ng'ombe wale watatu nitawalipa. Yule wa chumbani sio mimi, wallahi, huyo kaja mwenyewe.

Nilikuwa na mtihani kweli lakini ilikuwa Alhamisi.

nungwi2011 · Jumamosi, saa 5:15 asubuhi

Kijana, "labda baridi" umenimaliza. Ila ulichofanya ni kazi, wengi wanashindwa hata kumfikisha mlangoni. Siku nyingine jenga bucha yako huko huko Netha, hoglini akiwa kwao hageuki. Na kaa mbali na mlango ili asigome.

bi_cherehani · Jumapili, saa 4:47 usiku

Marahaba mwanangu. Nimekusamehe, ila deni ni deni.

Kwa waliouliza: mlango nimeupunguza. Nilitoa obsidiani 20 nikaziweka akiba sandukuni, 14 nikazitumia kwa mlango mdogo, maana pembe niliziweka, sipendi pindo lisilofungwa. Mahali palipokuwa na obsidiani kwenye fremu kubwa nimeweka jiwe jeusi lililosuguliwa, kwa mbali hulijui. Katikati mbao za Netha, na vitufe vya jiwe nimevipanga safu tatu viwe misumari. Ukiutazama kutoka barazani, sasa ndio umefanana na mlango wa Unguja kuliko mwanzo. Chumba nimekijenga nyuma yake, upande wa kutokea, mlango wa chuma. Nimekaa jana na leo masaa matano kwa jumla. Wamekuja wawili, wamo humo ndani wanakoroma, siwasikii ukumbini.

Upande wa Netha bado. Nimefika nusu ya ukuta, ghasti akanipigia mlango ukazimika kweli, kama alivyosema wa Kisauni. Kiberiti kilikuwa mfukoni.

Deni la ng'ombe tumekubaliana hivi: ng'ombe walio karibu wako ng'ambo ya mto, bloku mia sita na kitu, na hakuna kamba, anawaongoza kwa ngano mkononi, kwa mguu. Ameanza baada ya Isha. Sasa hivi ananiandikia yuko kwenye maji na wawili, wa tatu amesimama ukingoni, kila akimwonyesha ngano anatazama pembeni.

Nimemwambia nangoja barazani.